Kitufe cha Kubali Yote

Wanafunzi walimwita Nukta, na jina hilo lilimfuata mpaka kwenye kazi yake mpya. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha darasa la sita, na katika miaka yote hiyo hakuna daftari lililopita mikononi mwake bila kusomwa mstari kwa mstari. Mtoto akisahau nukta mwishoni mwa sentensi, alirudishiwa daftari. Akisahau tena, alirudishiwa tena, hata kama kengele ya kwenda nyumbani imeshalia. Wazazi walilalamika na mwalimu mkuu akamsihi alegeze kamba kidogo. Hakulegeza.

Shuleni hapo kulikuwa na mwalimu wa hesabu aliyekuwa na tabia ya kuweka vema ukurasa mzima huku akipiga soga na wenzake. Nukta alimpania. Siku moja alisimama kwenye kikao cha walimu na daftari mkononi, akasoma kwa sauti: mtoto, katikati ya hesabu za sehemu, alikuwa ameeleza namna ya kupika uji, hatua kwa hatua, na mwalimu akampa alama zote. Watu walicheka mpaka machozi. Mwalimu wa hesabu hakucheka, na muhula uliofuata alihamishiwa shule ya mbali. Nukta alikisimulia kisa hicho kwa miaka, na kila alipokisimulia alionekana mtu aliyeshiba.

Shule ilipopunguza walimu alikuwa na miaka arobaini na saba. Akapata kazi ambayo hata mumewe, fundi cherehani asiyeshindwa na swali la mteja, alishindwa kuieleza. Kulikuwa na huduma ya ujumbe wa simu kwa wazazi wenye watoto wachanga. Mzazi anaandika swali, mashine inamjibu. Mashine yenyewe ni akili bandia. Ina maneno mengi kuliko redio, lakini haijui lipi aambiwe nani, kwa hiyo ni lazima mtu aiandikie maelekezo: ukiulizwa homa jibu hivi, dawa usitaje, mzazi akiwa na hofu anza na hili. Nukta aliajiriwa kuandika maelekezo hayo. Aliona ni kazi yake ile ile, tofauti ni kwamba sasa mwanafunzi ni mmoja na hasinzii.

Alichukuliwa kwa majaribio ya miezi sita. Mwisho wa miezi hiyo msimamizi angeamua ama kumthibitisha ama kumwambia kwa heri. Shule ilikwisha kumfungia mlango na umri wake haukuwa wa kuanza kubisha milango mingine. Alilikumbuka hilo kila asubuhi alipokuwa akipanda ngazi.

Ofisi ilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la matairi, na harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Ndani mlikuwa na meza sita, birika la umeme, na feni iliyogoma kugeuka upande wa kushoto. Kulikuwa pia na utaratibu mmoja ambao msimamizi, mwanamke mfupi aliyewahi kuwa muuguzi wa wodi ya watoto, aliulinda kuliko mlango. Utaratibu huo waliuita kusomana. Hakuna maelekezo yaliyokwenda kwenye mashine kabla ya kusomwa na mwenzako. Msomaji alijaza visanduku vitatu: kinachofanya kazi, kinachovunjika, na ningejaribu nini. Akitaka, angeweza pia kuingiza pendekezo lake ndani ya maandishi yenyewe, nalo likakaa pale kwa rangi ya kijani mpaka mwandishi alikubali au alikatae.

"Maoni ni ya kazi, si ya mtu," msimamizi alikuwa akisema kila Jumatatu. Wote waliitikia kwa kichwa, kisha kila mmoja akarudi mezani kwake kunoa kisu.

Msomaji wa Nukta alikuwa mwanamume wa makamo waliyemwita Mtangazaji. Alikuwa amekaa redioni miaka kumi na mitano, na mpaka leo hakuweza kuomba sukari bila kuituliza sauti kwanza. Damu zao hazikupatana tangu siku ya kwanza. Maelekezo ya kwanza ya Nukta yalirudi kwake na visanduku vimejazwa. Kinachofanya kazi: "Herufi kubwa ziko mahali pake." Kinachovunjika: "Haya ni amri za askari jela. Mama mwenye mtoto mgonjwa atahisi amekamatwa." Ningejaribu nini: "Ningejaribu kuwa binadamu."

Nukta aliyasoma mara tatu. Alasiri hiyo hiyo kazi ya Mtangazaji ilimfikia yeye, naye akaipa maksi, jambo ambalo hakuna aliyemwomba. Nne juu ya kumi. Kwenye kisanduku cha tatu aliandika: "Ningejaribu kuyafuta."

Ukitaka ukweli wenyewe, wote wawili walikuwa sahihi, na hilo ndilo linalokera katika kisa hiki. Maelekezo ya Nukta yaliifanya mashine ijibu kama karani aliyechoka. Wazazi waliuliza swali moja wasirudi kuuliza la pili. Ya Mtangazaji nayo yaliifanya ibembeleze mistari minne kabla ya kusema lolote, na mzazi ambaye mtoto wake amemeza kifungo hana muda wa kubembelezwa. Kila mmoja aliona kidonda cha mwenzake vizuri kabisa. Badala ya kukiosha, akakitia chumvi.

Basi wakawa hawaivi chungu kimoja. Salamu zilikatika. Mtangazaji alianza kuyasoma maelekezo ya Nukta kwa sauti yake ya redio, kama mtu anayetangaza hukumu, na meza nne nyingine zikacheka. Kicheko hicho kilimkata maini. Alikuwa amezoea kuwachekesha watu kwa daftari la mwingine. Hakuwahi kuwa yeye mwenye daftari. Siku hiyo, mwezi wake wa pili kazini, aliapa kwamba maneno ya yule mtu hatayasoma tena.

Na hakuyasoma. Lakini kusomana kulikuwa lazima, kwa hiyo alitafuta njia. Kukataa pendekezo kulidai uandike sababu, na kila sababu ilimpa Mtangazaji nafasi ya kujibu. Kukubali hakukudai kitu. Nukta akawa anafungua ukurasa, anatupa jicho kuona kijani ni kingi au kidogo. Kikiwa kingi alibonyeza Kataa Yote na kuandika sababu moja, "Nimezingatia." Kikiwa kidogo alibonyeza Kubali Yote, yaishe. Hakuwahi kujiuliza kama yule mwalimu wa hesabu naye alianza hivyo hivyo.

Siku nne kabla ya kukaliwa kikao cha kuthibitishwa kwake, Ijumaa, aliandika maelekezo ya siku za mapumziko. Mstari wake ulisema: "Jumamosi na Jumapili, mwelekeze mzazi kwenye zamu ya dharura ya kituo cha afya kilicho karibu naye. Usiongeze maneno."

Mtangazaji aliyasoma akiwa na njaa, na lile "usiongeze maneno" likampandisha mori. Chini yake akaandika kwa kijani: "Jumamosi na Jumapili, mwambie mzazi atulie nyumbani, asisumbue wahudumu, asubiri Jumatatu." Ilikuwa kejeli. Alitaka kumwonyesha Nukta jinsi anavyosikika kwa watu. Alicheka peke yake, akaenda kula.

Nukta alifungua. Kijani mstari mmoja. Akabonyeza Kubali Yote. Kisha akaipa mashine maswali ishirini ya majaribio kama utaratibu ulivyodai, na kwa kuwa siku yenyewe ilikuwa Ijumaa, majibu yote ishirini yalitoka safi. Saa tisa alasiri maelekezo yakaingia kazini, naye akaenda nyumbani akijisifu moyoni kwamba kabakiza siku chache tu.

Mashine haina sikio la kejeli. Ikiambiwa, inatii. Ilikuta amri mbili zinazogombana, ikashika ile ya mwisho.

Jumatatu saa nne asubuhi simu yake iliita. Alikuwa mdogo wake, wa tumbo moja, mwenye mtoto wa miezi minane. Nukta mwenyewe ndiye aliyemwingizia ile huduma kwenye simu, tena mbele ya wakwe, kwa majivuno.

"Dada, tuko hospitali."

"Kuna nini?"

"Mtoto. Kaharisha mfululizo, akawa hanyonyi. Wamemtundikia maji tangu alfajiri. Daktari anasema sasa hatari imepita, ameanza kufungua macho."

"Mfululizo tangu lini?"

"Jumamosi."

"Jumamosi? Na wewe ulikuwa unamtazama tu?"

Kwa nyuma ilisikika sauti ya kitanda cha magurudumu kikisukumwa.

"Nilisubiri Jumatatu, dada. Si ndivyo mlivyosema?"

"Nani kasema?"

"Ile simu yenu. Nilituma mara mbili, zote ikanijibu hivyo hivyo. Mama mkwe aliniambia twende, nikamgomea. Nikamwambia haya kaandika dada yangu, na dada yangu hakosei."

Nukta alikata simu bila kuaga. Alifungua maelekezo, na ule mstari ulikuwa pale, sasa mweusi kama mistari mingine, kwa sababu kijani kikikubaliwa hugeuka kuwa cheusi. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi, akamwonyesha, na ndani ya dakika chache maelekezo yakazimwa. Wazazi kumi na mmoja walikuwa wamepata jibu lile. Msimamizi alichukua simu akawapigia mmoja mmoja, na ofisi nzima ikamsikiliza akiomba radhi. Watoto kumi walikuwa salama. Kumi wote walikuwa na mama au bibi asiyeiamini simu.

Mtangazaji alisimama penye birika, kikombe kitupu mkononi.

"Ulijua ni utani," alimwambia Nukta. "Mtoto wa darasa la pili angejua."

"Mashine haikusoma darasa la pili."

"Mimi sikuiandikia mashine. Nilikuandikia wewe."

"Uliandika ndani ya maelekezo. Jina lako liko pale, na saa iko pale."

"Na jina la aliyekubali?"

Nukta alirudi mezani, na hapo ndipo wazo lilipomjia, likakaa vizuri kama mgeni aliyekaribishwa. Kompyuta iliweka kumbukumbu ya nani ameandika na nani amekubali. Haikuweka kumbukumbu ya nani amesoma. Angeweza kusema alidhani Mtangazaji anamaanisha, kwamba labda vituo vimeleta agizo jipya, na kwamba yeye ni mgeni, ameheshimu neno la mkubwa kazini. Mtangazaji tayari alikuwa na onyo moja kwa ulimi wake. La pili, akionekana ndiye mwenye kosa peke yake, lingemmwagia unga. Na yeye Nukta angethibitishwa.

Jioni hiyo alimweleza mumewe. Mumewe alikuwa akikunja upindo wa gauni, pini tatu zimebanwa midomoni, na hakuzitoa mpaka mkewe alipomaliza.

"Nguo ya kupima huwa na pini," alisema. "Mimi nikiletewa na fundi mwenzangu, hata awe ndugu yangu, hata awe adui yangu, naipapasa kwanza kabla sijamvisha mtu. Ya adui ndiyo naipapasa zaidi." Akachomeka pini moja kwenye kitambaa. "Wewe uliusoma huo mstari?"

Nukta alisema anakwenda kutazama jiko.

Kikao kilikuwa Jumanne asubuhi, watu watatu tu, kwenye chumba cha kuwekea makaratasi. Msimamizi aliweka mezani karatasi moja yenye sentensi moja.

"Hii ni yako?" alimwuliza Mtangazaji.

"Ni yangu. Ilikuwa kejeli."

"Tuna visanduku vitatu. Nionyeshe cha kejeli."

Mtangazaji alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aingie ofisi ile sauti haikutoka. Shavu lake lilikuwa likicheza. Nukta alimtazama akaona kitu alichokitamani kwa miezi minne, na kilikuwa kitamu kama alivyodhani.

Msimamizi akamgeukia. "Na wewe mwalimu, ulipousoma mstari huu, uliuelewaje?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, wazi. Alikuwa na sentensi yake tayari, ameipanga tangu jana, ina nukta mwishoni. Nilidhani anamaanisha. Maneno mawili tu. Akamwona mdogo wake amekaa na simu mkononi siku mbili, akimgomea mama mkwe kwa ajili yake. Akauona na ule uji uliopikwa katikati ya hesabu za sehemu, na vema nyekundu pembeni.

"Sikuusoma," alisema.

"Unasema?"

"Sikuusoma. Sijasoma maoni yake hata moja tangu mwezi wangu wa pili. Kijani kikiwa kidogo nakubali, kikiwa kingi nakataa."

Chumba kilikuwa kidogo na maneno yale hayakuwa na pa kwenda. Mtangazaji alimgeukia. Kama Nukta alitegemea kushukuriwa kwa kumwokoa, alikuwa amekosea anuani, maana uso wa yule mwanamume ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Miezi minne," alisema. "Naandika miezi minne, wewe husomi."

"Ulikuwa unaandika matusi."

"Nusu yalikuwa matusi. Nusu ilikuwa kazi."

"Sasa ningeijuaje hiyo nusu?"

"Kwa kusoma."

Msimamizi aliwaacha wamalize, kisha akatoa uamuzi bila kupandisha sauti. Mtangazaji amepata onyo la mwisho. Kuanzia leo asiandike kwa kijani neno ambalo hayuko tayari mashine imwambie mwanawe mwenyewe. Nukta hathibitishwi. Majaribio yake yanaanza upya, miezi sita kamili, kuanzia siku ya kwanza.

"Naomba nipewe msomaji mwingine," alisema Nukta.

"Hapana," alisema msimamizi. "Mtasomana nyinyi kwa nyinyi mpaka mjue kusoma."

Mchana alikwenda hospitali. Mtoto alikuwa amelala, mkono wenye sindano umefungwa kwenye kipande cha boksi ili asiukunje. Mama mkwe wa mdogo wake alikuwa dirishani akikunja nepi; aliitikia salamu bila kugeuka. Nukta alikaa ukingoni mwa kitanda akaeleza yote, kijani na kitufe na kejeli, na katika maelezo hayo Mtangazaji alitajwa mara nyingi sana. Mdogo wake alisubiri amalize.

"Kwa hiyo wewe hukusoma."

"Sikusoma."

"Mimi nilisoma," alisema mdogo wake. "Kila neno. Mara mbili."

Akamvuta mtoto karibu yake. Nukta alikaa kidogo, halafu akaona kwamba hakuna anayemwambia abaki.

Jumatano alifika ofisini kabla ya wengine. Alifungua maoni yote ya Mtangazaji, tangu mwezi wa pili hadi ile Ijumaa, akachukua kalamu yake nyekundu ya zamani na karatasi, akaanza kusoma. Alisoma mpaka adhuhuri. Matusi yalikuwepo, na mengine yalikuwa makali kiasi cha kumfanya aiweke kalamu chini na kwenda dirishani kutazama matairi. Lakini katikati ya matusi kulikuwa na vitu. Kwamba mzazi hajui homa ni kiasi gani, asiulizwe namba, aulizwe mtoto anaonekanaje. Kwamba mama akiambiwa kwanza kuwa hajakosea, humwaga ukweli wote. Kwamba majaribio yote yanafanywa siku za kazi, na hakuna anayejua mashine hujibu nini Jumapili. Hili la mwisho lilikuwa na tarehe ya mwezi uliopita. Alikuwa amelikataa pamoja na mengine kumi na manne, sababu: "Nimezingatia."

Aliandika maelekezo ya siku za mapumziko upya. Alipomaliza aliiambia kompyuta kwamba leo ni Jumamosi, akachukua ujumbe wa mdogo wake kama ulivyokuwa, pamoja na makosa yake ya haraka na bila nukta hata moja, akauingiza. Alisikia hatua nyuma yake. Alizijua, hakugeuka. Mtangazaji alisimama umbali wa kiti kimoja akitazama skrini juu ya bega lake.

Jibu likaja: "Pole sana mama, hujakosea kuuliza. Mtoto anayeharisha na kukataa kunyonya huishiwa maji haraka. Mpeleke sasa hivi kwenye zamu ya dharura ya kituo kilicho karibu nawe."

Hapana shaka, ile "pole" ilikuwa ya Mtangazaji. Nukta asingeiweka kwa akili yake. Alisubiri yule mtu ajisifu.

"Hiyo mpeleke imechelewa," alisema Mtangazaji. Sauti ilikuwa kavu, haikutulizwa. "Iwe neno la kwanza. Pole ije mwisho."

"Andika kwenye kisanduku."

Mtangazaji akarudi mezani kwake, akavuta kiti kwa fujo, akaandika. Muda si muda mstari wa kijani ukatokea kwenye skrini ya Nukta. Aliusoma kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta. Akaurudia mara ya pili, polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo kama alivyowafundisha watoto. Ulikuwa sahihi, na ilimuuma kwamba ulikuwa sahihi. Alikipita kile kitufe kikubwa cha Kubali Yote, akabonyeza kile kidogo kilicho pembeni ya mstari wenyewe, kisha akaipa mashine swali la mdogo wake tena.